Nyuso Tatu kwenye Karatasi

Mwaka jana wageni walikuja kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Bwera, siku ya Jumamosi asubuhi. Walikuwa watu wa heshima. Walisalimia wazazi, wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka pamoja na watoto. Baadaye wakagawa karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na nyuso tatu: moja inacheka, moja imenyamaza tu, moja imenuna. Swali lilikuwa moja: unapenda kujifunza hapa? Mtoto achore duara kwenye uso anaouchagua.

Watoto wote walichagua uso unaocheka. Hata msichana mmoja wa miaka 13 anayekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, naye alichora duara lake vizuri kwenye uso unaocheka. Wageni walifurahi. Mimi pia nilifurahi, maana ndiye niliyekuwa mbele na nyimbo na picha. Wakatupiga picha, wakaondoka.

Nilipokuwa nakunja mkeka nikamwita yule msichana. Mwezi mzima tulikuwa tunaimba hadithi fupi ya Kiingereza, na yeye aliijua yote. Nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari nikamwambia asome. Akaanza kuimba kutoka mwanzo. Nikamwambia hapana, neno hili tu. Akaanza tena mwanzo. Kumbe hakuwa anasoma hata kidogo, alikuwa amemeza wimbo. Nikamwuliza neno lile maana yake nini, akainamisha kichwa. Basi nikamwuliza mbona alichora uso wa kucheka. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto: "Yaya, kwani ulitaka nichore gani?"

Tangu siku hiyo nimekuwa natafuta kujua watu waliopima mambo haya kwa makini walikuta nini. Mimi si mtaalamu. Nilimaliza sekondari, basi, na sasa nafanya kazi na vijana. Lakini tafiti zipo, na nyingine zimefanyika jirani na sisi, Uganda hii hii na Kenya. Nilizisoma kwenye simu nikiwa Kasese mjini, ambako mtandao ni mzuri kidogo, pamoja na rafiki anayenizidi Kiingereza. Makala hii ni uhakiki wa tafiti nne hizo. Nitasema ninachozisifu na ninachozikatalia. Na neno langu kubwa nalitoa mapema: kupenda kusoma na kujua kusoma ni vitu viwili. Anayepima kimoja tu anajidanganya, na mtoto wa kumuuliza kwanza ni yule wa karibu na mlango.

Kwanza mjue watoto ninaowazungumzia. Bwera iko wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Mtoto aliyekimbia kutoka Kasindi au Beni hapati ugeni wa lugha barabarani, kwa sababu Kinande chetu na Lhukonzo cha hapa ni ndugu wa tumbo moja. Mama Mkonzo anayeuza mihogo anamwelewa bila mkalimani. Sokoni kuna Kiswahili pia. Lakini shuleni ni jambo lingine. Tangu mtaala wa 2007, shule za msingi za Uganda zinatakiwa kufundisha P1 mpaka P3 kwa lugha ya mahali, P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 masomo ni kwa Kiingereza. Mtoto mdogo anayeanza P1 anaweza kuponea hapo. Lakini aliyekuwa mwaka wa nne au wa tano kule kwetu, aliyejifunza kugawanya kwa Kifaransa, mara nyingi anarudishwa chini, anakaa benchi moja na rafiki za mdogo wake. Wengi wetu hapa Bwera hatuko kambini, tunapanga chumba au tunakaa kwa ndugu. Wenzetu walioenda Rwamwanja, Kyaka II na Nakivale wakija kutembea wanatueleza hadithi ile ile.

Yule msichana ni mmoja wa hao. Siku moja aliniambia: "Hesabu niko naijua, yaya. Ni maneno yake ndiyo siyajui."

Sasa tuingie kwenye tafiti.

Ya kwanza ilifanyika magharibi mwa Kenya, Busia na Teso, miaka ya 1990. Shirika moja lilikuwa linagawa vitabu vya kiada kwenye shule za msingi ambazo hazikuwa na vitabu vya kutosha. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakalinganisha shule zilizopata vitabu na zile ambazo zilikuwa bado kupata. Matokeo yakachapishwa 2009. Kila mtu angedhani kwamba ukileta vitabu, alama zitapanda. Hazikupanda. Wastani wa shule zenye vitabu na zisizo na vitabu ulikuwa sawa tu.

Watu wengi wangefunga daftari hapo. Wao hawakufunga. Walivunja ule wastani wakaangalia watoto kwa makundi, kuanzia wa mbele mpaka wa nyuma, wakakuta kwamba waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo walifaidika na vitabu. Waliobaki hawakupata kitu. Sababu waliyoitaja ni ile aliyoisema msichana wangu kwa maneno yake: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kilifika mikononi, hakikufika kichwani.

Hapa nawasifu bila kubana. Wastani ni kitu cha hatari. Ukiwa na watoto 10, wawili wakapanda sana na wanane wakabaki palepale, wastani unaweza kukuonyesha shule inayotembea. Na ukiona wastani haujatingishika unaweza kudhani hakuna aliyefaidika, kumbe wa mbele wamekula peke yao. Kila ripoti inayotuletea namba moja kwa darasa zima, tuwe na tabia ya kuuliza: na wa nyuma?

Utafiti wa pili ni wa Uganda, kaskazini, eneo la Lango, na ndio nilioupenda kuliko yote. Shirika linaloitwa Mango Tree lilitengeneza mradi wa kufundisha watoto wa P1 kusoma kwanza kwa lugha yao, Leblango. Mradi kamili ulikuwa na vitabu vya kuanzia, mafunzo ya walimu, watu wa kumtembelea mwalimu darasani mara kwa mara, na vibao vidogo ambavyo kila mtoto anaandika na kufuta. Watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton wakafanya kitu cha akili. Mwaka 2013 walichukua shule 38 wakazigawa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata mradi kamili. La pili lilipata mradi uliopunguzwa gharama: mafunzo yakapitia kwa wakufunzi wa serikali wa eneo, ziara zikapungua, vibao vikaondolewa. La tatu likaendelea kama kawaida.

Penye mradi kamili watoto walipanda sana, kusoma na kuandika. Penye mradi wa bei nafuu, kupanda kwa kusoma kulikuwa kudogo hata watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba si bahati tu. Na kwenye kuandika kwa ngazi ya juu kidogo, watoto wa mradi wa bei nafuu walikuwa nyuma kuliko watoto ambao hawakupata mradi wowote. Soma tena hapo. Msaada wa nusu uliwarudisha nyuma.

Lakini jambo lililonikalisha chini ni jingine. Watafiti wanaonyesha kwamba kama wangepima kitu kimoja rahisi tu, yaani mtoto anataja herufi ngapi, mradi wa bei nafuu ungeonekana ndio bora kwa pesa iliyotumika. Mradi ni ule ule na watoto ni wale wale, kilichobadilika ni swali la kuuliza. Ukiuliza herufi, mradi umeshinda. Ukiuliza kama mtoto anaweza kuandika sentensi yake mwenyewe, umeshindwa.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nawaomba msikilize hapa bila kukasirika. Sisi huku tumezoea mradi wa nusu. Mwalimu anapewa mafunzo siku chache, anapewa bango la kubandika ukutani na soda, kisha hakuna mtu anayerudi kukaa naye darasani. Baadaye mtu anakuja kuhesabu: walimu wangapi wamefunzwa, mabango mangapi yamebandikwa. Vyote hivyo ni kama kutaja herufi. Najua pesa ni kidogo, na tunaona inavyopungua. Lakini utafiti huu unatuambia kwamba ukikata, angalia unachokata. Kile kibao kidogo cha kuandikia kilionekana kama kitu cha kuondoa tu, kumbe ndicho kilichompa mtoto nafasi ya kukosea na kufuta.

Utafiti wa tatu unahusu fimbo. Shirika la Raising Voices la Kampala lina mpango unaoitwa Good School Toolkit. Hauji na kitabu kipya cha kusoma. Unakuja na namna ya kuifanya shule nzima, walimu, wanafunzi, wakuu na wazazi, ikae chini na kukubaliana jinsi ya kuishi bila kupiga watoto, na jinsi ya kumrekebisha mtoto kwa njia nyingine. Ulipimwa katika shule za msingi 42 wilayani Luwero, nusu zikapata mpango na nusu zikasubiri, na matokeo yakatoka 2015 kwenye jarida la Lancet Global Health. Baada ya miezi 18, watoto walioulizwa kama wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na karibu asilimia 49 katika shule nyingine. Hilo ni punguzo kubwa. Lakini alama za masomo hazikupanda.

Nimekaa na watu hapa tukabishana kuhusu matokeo haya. Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu kule Kongo miaka mingi, alicheka: "Umeona, mwanangu? Ukiondoa fimbo, hakuna anayejua zaidi." Nikamjibu: sawa, mzee, lakini hakuna aliyejua kidogo zaidi. Kwa maana nyingine, fimbo ile yote ya miaka yote haikuwa inafundisha kitu. Akanyamaza, akaomba chai. Tena sheria ya watoto ya Uganda, tangu marekebisho ya 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Kwa hiyo alama zipande zisipande, mtoto ana haki ya kutopigwa.

Na hapa Mpondwe neno usalama si la kuandika kwenye fomu tu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua wanafunzi zaidi ya 30 waliokuwa wamelala bwenini. Watoto wetu wanalijua jambo hilo, na wengi walikuwa tayari wamekimbia watu wa namna hiyo kule Beni. Mtoto wa hapa akisema anaogopa shule, usimwekee duara kwenye uso uliokunja midomo na kusema ana mtazamo mbaya kuhusu elimu. Kwake, kukaa darasani saa moja bila kuogopa tayari ni kazi kubwa. Kwa hiyo nakataa mtu yeyote anayesema mpango wa Luwero ulishindwa kwa sababu alama hazikupanda. Ulitaka kupunguza kipigo, ukapunguza. Kosa ni kudhani hapo tumemaliza. Mtoto asiyepigwa na asiyejua kusoma bado anatudai.

Kuna namba nyingine katika utafiti huo ambayo sijawahi kusikia mtu akiitaja kwenye mikutano yetu. Wakati wa maswali ya mwisho, watoto 434 walieleza mambo mazito kiasi kwamba watafiti walilazimika kuwapeleka kwa huduma za ulinzi wa watoto. Yaani mtu alikaa na mtoto mmoja mmoja, akauliza vizuri, akasubiri jibu, na mtoto akasema. Linganisha na karatasi yetu ya nyuso tatu, iliyojazwa mbele ya mwalimu, mgeni na kamera.

Utafiti wa nne unatoka mbali, Marekani, chuo kikuu cha Harvard. Nimeuleta kwa sababu unageuza mambo upande wa pili. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walitoa matokeo kuhusu wanafunzi wa fizikia. Kundi moja lilisikiliza mhadhiri mzuri, anayeeleza vitu vikateleza kama mafuta. Kundi lingine lilipewa maswali yale yale wahangaike nayo kwa vikundi, mwalimu akipita na kusaidia. Baadaye wakabadilishana kwa somo jingine. Mwisho wa kila somo wakaulizwa wamejifunza kiasi gani, kisha wakapewa mtihani. Waliohangaika walipata alama zaidi. Lakini walihisi wamejifunza kidogo. Waliosikiliza mhadhiri walihisi wamejua, na walikuwa wamejua kidogo.

Watafiti wanaeleza kwamba kuhangaika na jambo gumu kunamfanya mtu ajione mjinga, na maneno matamu yanamfanya ajione ameelewa. Nilipofika hapo nikaiweka simu chini. Nilijiona mimi mwenyewe mbele ya mkeka, na nyimbo zangu. Watoto walinipenda, na wale wa nyuma walikuwa wanaelea.

Sasa weka tafiti hizi kwenye meza moja. Luwero, watoto walipigwa kidogo na alama zikabaki. Harvard, kujua kulipanda na hisia zikashuka. Kwangu Bwera, furaha ilikuwa juu na kusoma hakuna. Lango, jibu lilitegemea swali. Busia, jibu lilitegemea unamuuliza nani. Basi mtu akija na njia mpya ya kufundisha akasema watoto wameipenda, hajasema uongo, lakini hajasema kitu bado. Na akija mwingine kusema alama zimepanda, naye tumwulize za nani, katika nini, na mtoto analala vipi usiku.

Nina malalamiko yangu pia juu ya watafiti hawa, maana uhakiki bila lawama ni salamu tu.

La kwanza, mtoto mwenyewe hasikiki. Nimesoma kurasa nyingi za namba, lakini kujua mtoto wa Busia alisema nini alipofungua kitabu asichokielewa, hapana. Sentensi moja tu ya mtoto ingenisaidia kuliko jedwali zima.

La pili, darasa la mchanganyiko halimo. Mradi wa Lango ulifanikiwa mahali ambapo watoto wengi wana lugha moja. Je, kambini, ambako benchi moja lina mtoto wa Kinande, wa Kinyabwisha, wa Kibembe na wa Kirundi, lugha ya nyumbani ni ipi? Kwa maoni yangu, kwa wengi wetu tuliotoka mashariki mwa Kongo jibu ni Kiswahili, si kwa sababu ni cha mama zetu wote, ila kwa sababu ndicho tunachokutania. Julai 2022 serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Wakimbizi tunaweza kuwa na kitu cha kuchangia hapo, mara hii tukiwa sisi tunaojua.

La tatu ndilo linaloniuma. Tafiti hizi zote zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mimi mwenye sekondari nilihitaji rafiki na kamusi. Mwalimu wa P2 mwenye watoto wengi hana muda huo. Mzazi hataziona kabisa. Kwa hiyo ripoti zenyewe ni kama vile vitabu vya Busia: zimewafaidisha waliokuwa mbele tayari. Mtu anapimwa, anaulizwa, anapigwa picha, halafu jibu linaandikwa kwa lugha asiyoijua na kupelekwa kwa wengine.

Wako wanaofanya vizuri zaidi kwenye hili. Uwezo, waliopima watoto Uganda, Kenya na Tanzania, wanaenda nyumba kwa nyumba badala ya kusubiri shuleni, wakitumia watu wa kujitolea kutoka mahali hapo. Wanamkalisha mtoto mmoja, wanampa herufi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha P2. Mtoto aliyeacha shule anahesabiwa pia, na wa nyuma hawezi kujificha ndani ya wimbo wa darasa. Waliwahi kupima hata katika makazi ya wakimbizi Uganda. Njia yao ni nyepesi kiasi kwamba mimi nimeiiba.

Niliiiba hivi. Kila Jumamosi nakaa pembeni na watoto watatu, mmoja baada ya mwingine, dakika chache tu, bila mtu kusikiliza. Nampa mtoto mstari ambao hajawahi kuuona. Kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Baadaye namwuliza maana yake. Halafu namwuliza swali la pili: kuna kitu hapa kinachokuogopesha au kukuchosha? Naandika yote mawili kwenye daftari.

Baada ya mwezi nikapanga vikundi kwa kiwango. Hilo nalo lina utafiti wake: Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walilifanyia kazi katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, wakaonyesha, mwaka 2011, kwamba watoto wakigawanywa kwa kiwango hata wale wa chini wanapanda, kwa sababu mwalimu anaweza kuwafundisha pale walipo. Lakini hapa niliogopa kuiga moja kwa moja. Wale walikuwa watoto wa darasa la kwanza. Ukimweka msichana wa miaka 13 na watoto wa miaka 7 kutwa nzima, atafika Jumamosi mbili, ya tatu humwoni. Ameshaaibishwa hivyo shuleni. Kwa hiyo vikundi vya kiwango ni saa moja tu, kisha wote wanarudi pamoja, na wakubwa wanasoma hadithi zenye mambo ya wakubwa hata kama maneno ni machache. Hesabu anawaongoza yeye. Anaeleza kugawanya kwa Kiswahili, na vijana wa P6 wanamsikiliza.

Sitawadanganya kwamba yote yamekaa vizuri. Nyimbo zimepungua, na watoto wawili wameacha kuja. Mama mmoja aliniuliza mbona siku hizi mwanawe anarudi amechoka. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Wale wa Harvard wanashauri uwaambie wanafunzi tangu mwanzo kwamba kuhangaika si kushindwa. Sasa nawaambia watoto na wazazi, kila wiki, kwa Kiswahili na Kinande.

Kwa ndugu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mkija tena, njoeni na nyuso zenu tatu, sikatai. Lakini ongezeni mstari mmoja wa kusoma, mkae na mtoto peke yake, na anzeni na walio karibu na mlango. Mkimaliza kuandika, mturudishie majibu, ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili, tuusome kwa sauti mbele ya wazazi. Kwa wazazi wenzangu wa hapa na wa kambini: mtoto akirudi anaimba, mpeni neno la katikati ya wimbo muone kama analijua.

Yule msichana sasa anasoma aya ya Kiswahili bila kusimama, na Kiingereza anasoma sentensi fupi na kuniambia maana, nyingine anakosea. Wiki iliyopita nilimchorea zile nyuso tatu kwenye kibao, tukiwa wawili tu, nikamwambia hakuna atakayeona. Alifikiri kidogo, akachora duara kwenye ule wa katikati, ulionyamaza. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ni ngumu." Kisha akafuta kibao kwa kiganja, akaomba mstari mwingine.